Tohara ya Nyalenda: Kisu cha Hospitali na Kisu cha Dini

Katika mabaraza yetu ya Pwani kuna neno ambalo limezungumzwa mno tangu mwaka 2007, nalo ni kwamba wataalamu wa Ulaya na Marekani wamekuja kuthibitisha kwa darubini yale ambayo sisi tuliyashika zamani kwa dini. Neno hili husemwa kwa furaha, na mara nyingine husemwa hata kwenye ngazi za msikiti watu wakisubiri magharibi: tohara ni kinga ya Ukimwi, na kwa kuwa kila mwanamume wa Kiislamu ametahiriwa, basi sisi tumo ndani ya ngome. Nimelisikia mara nyingi, na kila nilisikiapo huona kuwa nusu yake ni kweli na nusu yake ni hatari. Ili kuzipambanua nusu hizo mbili hapana budi tutoke Mombasa, tuifuate reli ile iliyofika ziwani mwaka 1901, mpaka Kisumu, na huko tuingie mtaa wa Nyalenda.

Nyalenda uko kusini mwa mji, na serikali imeugawa sehemu mbili, A na B. Nyumba nyingi ni za udongo na mabati, vyumba vya kupanga, na ardhi yake ni ile nyeusi yenye kunata, inayoteremka polepole kuelekea Dunga na maji ya ziwa. Mto Auji hupita huko, na mvua zikizidi huacha njia yake ukaingia majumbani. Visima vimechimbwa karibu na vyoo kwa sababu hakuna nafasi ya kuviweka mbali, na kipindupindu kimewahi kupita njia hiyo si mara moja. Wenyeji wengi ni Wajaluo, nao ni Wakristo wa madhehebu mengi. Waislamu wapo, lakini ni wachache; wengi wao wa mji ule wako Kaloleni na sehemu za Manyatta.

Sasa, Mjaluo kwa asili yake hatahiri. Alama yake ya zamani ya kuingia utu uzima ilikuwa kung'olewa meno sita ya chini, na desturi hiyo imekwisha siku nyingi. Kwa hiyo watafiti walipotaka kujua kama tohara yazuia virusi vya Ukimwi au la, Kisumu ilikuwa mahali pa kufaa: mji mmoja, watu wa maisha ya namna moja, wanaume wengi wasiotahiriwa, na maradhi yaliyoenea sana.

Dhana yenyewe ilikuwa ya zamani. Mwaka 1989 watafiti waliokuwa wakiwachunguza wagonjwa wa maradhi ya zinaa mjini Nairobi walitangaza kwamba wanaume wasiotahiriwa waliambukizwa zaidi kuliko wenzao. Lakini wengine walijibu kwa haki kabisa kwamba huenda si kisu kilichowakinga hao waliotahiriwa, bali ni dini yao, au ndoa zao, au kuacha kwao ulevi. Nani angeweza kutenganisha? Mwislamu hakuja na tohara peke yake. Alikuja na mafundisho yake yote.

Njia ya kutenganisha ilikuwa moja tu. Vijana 2,784 wa Kisumu, wenye umri wa miaka 18 mpaka 24, ambao wote hawakutahiriwa na wote walikubali kutahiriwa, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilitahiriwa papo hapo, la pili likaambiwa lisubiri miaka miwili. Kazi hii iliongozwa na Profesa Robert Bailey wa Chuo Kikuu cha Illinois huko Chicago pamoja na wenzake wa Kenya na Kanada. Baada ya miaka miwili, katika kundi lililotahiriwa walioambukizwa walikuwa 22, na katika kundi lililosubiri walikuwa 47. Tarehe 12 Desemba 2006 utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa haikuwa insafu kuwaacha wale wengine waendelee kungoja. Uchunguzi kama huo ulifanywa Rakai nchini Uganda na Orange Farm nchini Afrika Kusini, na majibu yake yaliwiana. Mwezi Machi 2007 Shirika la Afya Duniani likapendekeza tohara iwe mojawapo ya njia za kupunguza maambukizo.

Sababu yake si ya ajabu. Ngozi ile ikatwayo ni laini upande wa ndani, ni yenye unyevu, na imejaa chembe ambazo virusi huzikamata kwa urahisi. Ikiisha kuondolewa, iliyobaki hukauka na kuwa ngumu kidogo.

Hiyo ndiyo nusu ya kweli. Nusu ya hatari ni hii: watu 22 waliotahiriwa waliambukizwa. Kinga iliyopatikana Kisumu ilikuwa kiasi cha asilimia 53, na hata ukichukua hesabu ya juu ya nchi nyingine haikupita sana 60. Tena ni kinga ya mwanamume asiambukizwe na mwanamke. Mke hakingwi nayo. Mwaka 2009 watafiti wa Rakai walieleza kwamba kumtahiri mwanamume ambaye tayari ana virusi hakukupunguza hatari kwa mkewe. Anayejisifu barazani kwamba tohara yake ni ngome, na amwulize mama watoto wake ngome hiyo ina mlango upande gani.

Na kuna hesabu nyingine ambayo hatupendi kuitaja. Serikali ya Kenya ilifanya uchunguzi mkubwa wa Ukimwi mwaka 2007. Ni kweli kwamba nchini kote wanaume wasiotahiriwa walionekana na virusi kwa asilimia 13.2, na waliotahiriwa asilimia 3.9. Basi tukishangilia hapo, tusome na ukurasa unaofuata. Mkoa wa Kaskazini Mashariki, ambako karibu kila mwanamume ametahiriwa, maambukizo yalikuwa chini ya asilimia moja. Mkoa wa Pwani, ambako pia karibu kila mwanamume ametahiriwa, yalikuwa asilimia 8.1, zaidi ya wastani wa taifa zima. Najua nitajibiwa kwamba Pwani si Waislamu peke yao, na kwamba kuna bandari na mahoteli na wageni. Nakubali. Lakini wote hao wa Pwani, Mwislamu na Mmijikenda na mgeni wa bara, kwa sehemu kubwa wametahiriwa, na kisu kile kile kilichokuwapo Garissa kilikuwapo na Malindi. Kilichotofautiana ni mambo mengine.

Turudi Nyalenda. Watu wa huko hawakukimbilia jambo hili kwa kuwa daktari amesema. Neno la tohara limebeba mzigo wa siasa nchini Kenya kwa miaka mingi. Asiyetahiriwa aliitwa mtoto, na mtoto hawezi kuongoza nchi. Mwezi Januari 2008, katika machafuko yaliyofuata uchaguzi, wanaume wa Kijaluo walishikwa na kukatwa kwa nguvu, huko Naivasha na penginepo, na wako waliokufa. Miezi michache tu baada ya mambo hayo serikali ikaja kuwaambia watu wale wale kwamba kisu ni kwa faida yao. Baraza la wazee wa Kijaluo lilikataa mwanzoni, na ni nani awezaye kulilaumu? Marehemu Raila Odinga, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, alisimama pamoja na wabunge wengine wa Nyanza, wakasema hili si jambo la kabila wala la dini, ni jambo la tiba, na kila mtu ni hiari yake. Mwisho wa mwaka 2008 mpango ulizinduliwa rasmi. Mwishoni mwa 2009, katika msimu mmoja wa siku thelathini za kazi, wanaume zaidi ya 36,000 walitahiriwa Nyanza.

Kwa maneno mengine, ili tohara iingie Nyalenda ilibidi ivuliwe nguo zake zote. Ilivuliwa kabila, ikavuliwa jando, ikavuliwa dini, ikabaki ngozi, ganzi na uzi.

Mambo mawili yalinishughulisha nilipokuwa huko. La kwanza ni namna kijana wa Nyalenda alivyotahiriwa. Kabla ya kisu aliketi na mshauri. Akaambiwa wazi kwamba jambo hili litampunguzia hatari lakini halitaiondoa. Akapimwa damu akitaka. Akaambiwa asimkaribie mwanamke wiki sita mpaka kidonda kipone, kwa kuwa kidonda kibichi ni mlango uliofunguliwa. Mtu mmoja wa makamo, fundi wa baiskeli aliyetahiriwa akiwa na miaka 26, alinisomea masharti hayo yote bila kusita kama mtoto asomavyo alifu bee. Na waliochunguza waliona kwamba vijana wa Kisumu waliotahiriwa katika utafiti ule hawakuzidisha uasherati kwa kudhani wamekingwa.

Je, mtoto wetu wa Pwani aliambiwa nini? Alikuwa na miaka mitano, au sita, au siku arobaini. Alipigiwa vigelegele, akavishwa kanzu mpya na kofia, akasomewa dua, akapewa pesa na wajomba. Ni jambo jema na la furaha, wala sitaki libadilike. Lakini alipofika miaka kumi na minane hakuna aliyemketisha kumwambia kisu kile kilifanya nini na hakikufanya nini. Hilo aliliokota barazani, nalo ni lile neno la ngome.

Hapa nataka niseme jambo ambalo masheikh wetu wanalijua lakini hawalisemi kwa sauti ya kutosha. Sisi hatukutahiriwa kwa ajili ya maradhi. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya Pwani yetu, tohara ya mwanamume ni wajibu, na sababu yake ni twahara na kufuata mila ya Nabii Ibrahim, amani iwe juu yake. Imetajwa pamoja na kukata kucha na kupunguza sharubu katika mambo ya maumbile safi. Kama kesho wataalamu wangesema kwamba hesabu za Kisumu zilikosewa, je, tungeacha? Hatungeacha. Basi haifai kuitegemeza ibada juu ya hesabu za maabara, kwani hesabu hubadilika. Na kinga ambayo dini imeiweka juu ya zinaa haiko katika ngozi. Iko katika kujizuia, katika ndoa, na katika kumcha Mungu pasipoonekana na mtu. Aliyetahiriwa akavuka mpaka huo amebaki na ile asilimia ya Kisumu tu, sawasawa na kijana wa Nyalenda, na pengine ana elimu ndogo kuliko yake.

Wala tusidhani kwamba kila kisu kilichovikwa joho la dini ni cha dini. Wako miongoni mwa Waislamu wa Afrika Mashariki wanaowakata mabinti na kuliita jambo hilo sunna. Mwaka 2007 Mufti wa Misri, Sheikh Ali Gomaa, alitamka kwamba ni haramu, na sheria ya Kenya imelipiga marufuku tangu 2011. Huko hakuna faida ya afya hata ya asilimia moja. Kuna damu, maumivu, na taabu wakati wa kuzaa. Sitaendelea zaidi kwa kuwa hilo lina makala yake.

Jambo la pili lililonishughulisha ni la fedha, na ndilo la leo. Tohara ya Nyanza kwa sehemu kubwa ililipiwa na Marekani kwa njia ya ule mfuko wake wa Ukimwi. Kisu kilikuwa bure, dawa bure, na wahamasishaji waliozunguka mitaani kuwatafuta vijana walilipwa. Mwezi Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Iliporuhusu baadhi ya kazi za Ukimwi ziendelee, ruhusa ile iliwataja wagonjwa wanaotumia dawa na mama wajawazito, tohara haikuwamo. Ilipofika Julai 2025 shirika la USAID lenyewe lilikuwa limefungwa. Maradhi hayakufungwa. Katika uchunguzi wa taifa wa 2018, Kisumu ilikuwa na maambukizo ya asilimia 17.5, ambapo nchi nzima ilikuwa 4.9.

Nikamwuliza yule fundi wa baiskeli, ambaye sasa ana watoto wa kiume wawili, kama atawatahiri. Akasema, "Ndugu yangu, mimi nilikwenda kwa sababu hema lilikuja mpaka hapa mlangoni. Watoto? Hema likirudi, nitawapeleka."

Jibu hili nililifikiria sana, kwa sababu Nyalenda hiyo hiyo wamo watu ambao hawakungoja hema. Ni waumini wa kanisa la Nomiya. Wasomaji wengi wa Pwani hawajapata kulisikia, nalo lastahili kujulikana kwao kuliko kwa wengine. Mwasisi wake, Johana Owalo, alikuwa Mjaluo aliyepitia kwa wamisionari wa Kikatoliki na kwa muda akakaribiana na Uislamu. Mwaka 1907 alisema ameoneshwa njozi, akapandishwa mbinguni na malaika Jibrili. Kanisa alilolianzisha huhesabiwa kuwa la kwanza la Waafrika wa Kenya kujitenga na wamisionari, na jina lake kwa Kijaluo maana yake ni kama kusema "nimepewa". Owalo alikataa kwamba Yesu ni Mungu, na aliwaamuru wafuasi wake watahiri watoto wao wa kiume. Alifariki mwaka 1920. Miaka zaidi ya mia imepita, kabila limewacheka, siasa imewasukuma huku na huku, hakuna serikali ya kigeni iliyowapa hata wembe, nao wametahiri. Mzee mmoja wa kanisa hilo niliyemwamkia karibu na Pandpieri aliniambia kwamba kwao mtoto huhesabiwa siku nane, na siku ya nane haingoji mtu. "Baba, daktari alikuja 2008 kutufundisha," akasema akicheka. "Tukamkaribisha chai."

Tofauti kati ya mzee huyu na fundi wa baiskeli si akili wala mali. Wote wawili wamekatwa kisu kile kile. Mmoja alipewa sababu, na sababu hiyo ni ya kweli, lakini ni ya mtu mmoja mmoja na ya leo. Mwingine alipewa agizo, na agizo lina siku yake, lina majirani wanaolitazama, lina bibi atakayeuliza kwa nini halijatimizwa. Hospitali inajua kuanzisha jambo. Kulirithisha ni kazi nyingine, na kwa kazi hiyo sijaona chombo kilichoishinda dini. Ndivyo ilivyo hata kwa maji. Mwislamu wa Nyalenda hununua maji kwa mtungi, na bado hutoa katika mtungi huo maji ya udhu mara tano na ya kustanji, kwa miaka yote, bila bango lolote la wizara ya afya.

Lakini agizo bila elimu nalo lina hasara yake, na Nyanza wameionja. Ukimwi ulipoingia, wengi waliuita *chira*, yaani ule ugonjwa wa kukondesha unaompata aliyevunja mwiko. Kwa imani hiyo mgonjwa alitafutiwa dawa za mwiko, na mjane akaendelea kurithiwa ili miko itimie, na virusi vikahama nyumba hata nyumba. Nasi tusicheke. Kwetu mgonjwa huyo huyo aliambiwa ana jini, au amehusudiwa, akanyweshwa kombe mpaka akazikwa. Sina neno na kombe wala na dua, kwani Qurani ni shifaa. Neno langu ni na yule anayemwambia mgonjwa aache vidonge. Sayyidna Omar alipokuwa njiani kwenda Sham akaambiwa kuna tauni mbele, aligeuza msafara. Alipoulizwa kama anakimbia kadari ya Mungu, alijibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kwa kuiendea kadari ya Mungu. Huyo ndiye aliyeijua dini, naye alirudi nyuma.

Na hapa kwetu Mombasa, Malindi na Lamu, kuna sindano. Vijana wetu wanaojidunga heroini wote wametahiriwa, na karibu wote walipita chuoni. Mpango wa kuwapa sindano safi ulipoletwa 2012, viongozi wetu wa dini wengi waliupinga, wakisema ni kuhalalisha haramu. Nilizielewa hoja zao. Lakini katika mabishano yale nilimsikia mtu mzima, mwenye ndevu za heshima, akisema kwamba hata hivyo vijana hawa hawataambukizwa kwa urahisi kwa sababu wametahiriwa. Kana kwamba sindano inaingilia huko!

Nyalenda nilimkuta maalim mmoja anayesomesha watoto kiasi cha thelathini katika chumba cha mabati. Kila Desemba, shule zikifungwa, yeye huwakusanya wavulana wa Kiislamu waliofikia umri, humwita muuguzi, na kila mzazi hutoa alichonacho. Mwaka huo majirani wasio Waislamu walikuja kumwomba watoto wao waingizwe katika kundi hilo, kwa kuwa hema halikuja. Wazee wa msikiti wakabishana jioni nzima. Wengine walisema tohara ni ibada na ibada haichanganywi; wengine wakasema kisu cha muuguzi hakina shahada, na jirani ana haki yake. Maalim alikubali kwa masharti matatu: kila mmoja alipe sehemu yake sawa na mwenziwe, dua isomewe watoto wa Kiislamu pembeni, na kabla ya siku yenyewe muuguzi aketi na wavulana wote pamoja, wakubwa kwa wadogo, awaeleze kisu kitawafanyia nini na hakitawafanyia nini.

"Na watoto wako wa madrasa waketi pia?" nikamwuliza.

"Hao ndio wa mbele," akasema.

Nilipoondoka, daftari lake lilikuwa na majina kumi na mawili, saba ya madrasa na matano ya majirani, na fedha zilizopatikana zilikuwa hazijatosha kununua ganzi.